Baisa Hamsini

Dirisha namba nne, baladia ya Ibra.
Mimi ndiye nipokeaye sehemu ya serikali
katika kila pango linaloandikwa wilayani:
duka la simu, vyumba vya mafundi wa Kibangali,
ghala la majani ya ng'ombe, saluni ya Umm Rashad.
Mia na arubaini hunifikia imeandikwa sitini.
Mwenye nyumba hutazama dari, nami karatasi,
na mashine, isiyojua haya, hukata ada juu ya sitini.
Nagonga muhuri. Anayefuata.

Kiarabu kina neno la pango na neno la ushuru,
kila moja na mlango wake.
Kiswahili cha mama, alichokuja nacho kutoka Pemba
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi
(na hapa nazi tunanunua ya kopo),
kina neno moja tu: kodi.
Kodi kwa mwenye nyumba, kodi kwa serikali.
Utotoni nilidhani serikali ndiyo mwenye nyumba wetu sote,
na ipo siku itapiga hodi, itutoe.

Jumatatu moja, wadi ikiwa bado na matope,
akaja Bi Ghaniya binti Muhenna
na mfuko wa duka la dawa umejaa karatasi.
"Nasikia Kipemba ndani ya Kiarabu chako," akasema,
akahamia upande huo bila kuniuliza.
"Nataka kulipia nyumba."

Ipi, bibi?
"Ya marehemu babu, mtaa wa zamani, ng'ambo ya wadi."
Naijua. Paa lilianguka kabla sijazaliwa,
mvua ya juzi imechukua ukuta wa barazani.
Kimesalia chumba cha kukamulia asali ya tende,
na mlango, umesimama peke yake.
Nani amepanga?
"Popo."

Bibi, nyumba bila mpangaji haidaiwi kitu.
Nenda zako, umesamehewa.
Nilidhani nimempa habari njema.
"Sikuomba msamaha," akasema. "Yule mwenye stoo ya matairi,
yumo humo?" Kidole chake kiligusa kioo.
Yumo.
"Na mimi?"
Nikaandika jina lake, la babake, la babu yake.
Hakuna kumbukumbu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari.
Ilibandikwa ukutani, dukani kwa baba, Wete.
Siku tuliyoondoka tulifunga mlango,
daftari likabaki ndani.
Nyumba moja nimeipoteza hivyo, mwanangu. Ya pili, hapana."

Basi tukaandika mkataba.
Mwenye nyumba: Ghaniya. Mpangaji: Ghaniya.
Mashine ikakataa namba moja mara mbili.
Akaitwa mjukuu, Azza, aliyeegesha gari pasipo ruhusa,
akaingia na funguo kidoleni, akasoma, akacheka:
"Kwa hiyo nimepanga na popo?"
"Tia sahihi," bibi akasema.
Kodi: riyali moja kwa mwaka.
Ada: baisa hamsini.

Siku hizi hatupokei sarafu, ni kadi tu.
Azza akagusisha kadi yake; mashine ikalia mara moja.
Bi Ghaniya akafungua fundo la leso,
akamwekea mjukuu sarafu kiganjani.
Deni, alisema, halilali nyumbani kwake.
Risiti akaisoma neno kwa neno, hata namba ya simu ya baladia,
akaikunja mara nne.
Nilijua nimeandika uongo, na jinsi ya kuurekebisha
sikujua, wala sikutaka kujua.
Wengine mwaka mzima wananipunguzia.

Desemba, mapato ya wilaya yakajumlishwa:
ndiyo taa za barabara, ndiyo magari ya taka,
ndiyo na mshahara wangu.
Riyali zilijaa mstari, namba kamili,
isipokuwa mkiani.
Bwana Mundhir wa hesabu akainua miwani.
"Hii hamsini ya nini? Tuikate, jumla ikae sawa?"

Nikamwambia aiache.
Ni nyumba.